Balbu Hazitoi Mwanga

Drenak, 11 Novemba 1984

Mpwa wangu Donka,

Pokea salamu zangu, mgawie Rumen mumeo zake, na zitakazobaki mpe mama mkwe wako. Mimi sijambo. Kabichi zimeshaingia kwenye pipa, arobaini na mbili, na chumvi nimepima kwa mkono kama alivyopima bibi yako, Mungu amrehemu. Kwa hiyo ama zitakuwa tamu, ama tutamlisha nguruwe wa Pena. Pena jirani hajambo, bado anagombana na nguo akizifua. Gavril naye hajambo. Jumatano alinifunga karata mara tatu, na mara zote tatu malkia wa shupaza alikuwa mkononi mwake, sijui alifikaje.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Usicheke kabla sijamaliza. Wewe ni mwalimu wa fizikia, na walimu wa fizikia mna tabia ya kucheka mapema.

Miaka thelathini na moja nimekuwa fundi umeme wa mji huu. Nguzo ya kwanza niliisimamisha mimi, balbu ya kwanza niliikaza mimi, na muda wote huo niliamini nilivyofundishwa, kwamba balbu inatoa mwanga. Donka, tumedanganywa. Balbu haitoi kitu chochote. Balbu inafyonza giza.

Hebu fikiri. Nimekata waya ngapi maishani mwangu? Sijaona hata tone moja la mwanga likidondoka. Ndani ya waya mna giza tupu, kwa sababu ndilo linalosafiri humo. Linatoka chumbani, linapanda nguzo, linakwenda mpaka kituo cha umeme, na kule wanalitoa nje kwa dohani. Moshi wa dohani ile una rangi gani? Basi. Na ile mita ukutani haihesabu kinachoingia, inahesabu kinachotoka, kama tunavyomlipa mzoa taka. Huu mgawo wa umeme tulio nao sasa, unawaka kwa muda wa saa tatu kisha unazimwa kwa saa moja, wasikudanganye kuwa ni uhaba. Kule kumejaa, hawana pa kuliweka.

Shida yangu ni moja. Balbu za siku hizi ni legevu. Jikoni nimetoa ya wati sitini nikaweka ya mia, na bado giza linabaki pembeni, hasa upande wa kushoto. Tena nimegundua kitu ambacho sidhani mtaalamu yeyote amekiandika: kila balbu ina pete zinazoizunguka, za rangirangi, kama upinde wa mvua. Hilo ni giza linalosubiri zamu ya kufyonzwa. Katika nchi hii hata giza linapanga foleni.

Nijibu upesi.

Mjomba wako,
Mincho


Plovdiv, 25 Novemba 1984

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Salamu zimefika na zimegawanywa kama ulivyoagiza. Mama mkwe aliuliza kwa nini zake ni za kubaki, nikamwambia ndizo nzito, hukaa chini. Huku tu wazima. Rumen ana zamu za usiku kiwandani. Mimi nina darasa la watoto thelathini na sita ambao hawaamini kwamba unyoya na jiwe vinaweza kuanguka sawa, na sasa mjomba wangu mwenyewe ananihujumu kutoka milimani.

Nimeisoma nadharia yako mezani. Rumen alicheka mpaka akapaliwa. Nina pingamizi mbili. Ya kwanza ni tochi: haina waya, haina nguzo, giza inalifyonza inalipeleka wapi? Ya pili ni jua. Jua limeunganishwa na kituo gani?

Mimi pia nilicheka, Mjomba, lakini nilipofika kwenye pete nikaacha. Unaziona kwenye kila balbu, au ya jikoni tu? Na taa ya barabarani je? Miwani ulibadilisha lini mara ya mwisho? Nauliza kwa sababu mistari ya barua yako inapanda mlima, na ule wa tisa umeukalia wa kumi.

Mpwa wako anayekupenda,
Donka


Drenak, 16 Desemba 1984

Mpwa wangu,

Ninakusalimu kwa baridi ya nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Pipa la kabichi limeshika ganda la barafu na kila asubuhi nalipasua kwa konzi. Nguruwe wa Pena amechinjwa, nimeletewa soseji za kutosha. Mbwa wa Gavril amezaa saba.

Pingamizi zako ni nyepesi, nimeona haya kwa niaba yako. Tochi inafyonza giza kwa mbele na kulitemea nyuma. Ndiyo maana aliyeishika haonekani, analowa giza lote. Kamuulize mtu yeyote aliyewahi kumulikwa usoni kama alimwona mmulikaji. Kuhusu jua, hilo lina wenyewe, silijadili kwa njia ya posta.

Utafiti unaendelea. Jiko la kuni, kwa mfano, halitoi joto, linakula baridi, na kuni ni meno yake. Ndiyo maana ukifungua mlango linanguruma: umeliletea chakula. Kubwa zaidi ni hili la kuanguka. Mnawafundisha watoto kwamba vitu huanguka. Havianguki. Sakafu ndiyo huvichukua. Sakafu ya jikoni kwangu imeshikwa na njaa msimu huu, kwa wiki mbili imechukua vikombe vitatu na lile bakuli la bluu la bibi yako. Nimeona pia kwamba ngazi si kitu kilichotulia kama tunavyodhani. Ile ya tatu ya mlangoni imesogea, mguu unakuta hewa. Si neno, goti limeshapona.

Miwani ni mizima. Mistari inapanda kwa sababu meza imeinama. Swali lako la taa ya barabarani sikulielewa.

Heri ya mwaka mpya mapema.

Mjomba Mincho


Plovdiv, 20 Januari 1985

Mjomba,

Heri ya mwaka mpya, afya njema na mikono yenye nguvu. Nisamehe kuchelewa. Nilianza barua hii mara nne nikaichana, kwa sababu kila mara ilianza kama barua ya daktari na mimi si daktari.

Huku Rumen amepata mafua, mama mkwe kapata redio mpya, kwa hiyo sote tunaumwa. Watoto shuleni nimewaeleza nadharia ya sakafu yenye njaa. Wameipenda kuliko ya kitabuni. Mmoja aliuliza kama dari nalo huona njaa.

Goti limekuwaje? Hukuniambia kama liliumia, umeniambia tu kwamba limepona.

Na Gavril je, hajambo? Nimesikia yu hai. Nimesikia pia kwamba kuna mtu alikwenda kwake na mshumaa na maua kumzika. Niambie wewe mwenyewe, nisije nikaamini ya watu.

Ninakutumia miwani ya Rumen ya zamani, ijaribu. Treni ya asubuhi kutoka kwenu inafika hapa saa nane mchana. Ningekuja kukupokea stesheni.

Donka


Drenak, 3 Februari 1985

Mpwa wangu,

Salamu. Pena ana mdomo kama shimo la posta, kila kitu huingia na kila kitu hutoka. Basi, kwa kuwa ameshaanza, nitamaliza mimi, na nitasema kweli.

Unaujua mti ule pembeni ya duka la mkate, ambapo watu hubandika matangazo ya marehemu wao. Jumamosi moja ya Januari napita, nikaona karatasi mpya yenye ukingo mweusi, na picha. Jina la ukoo kubwa, la akina Gavril. Pua niliijua, mji huu hauna nyingine kama ile. Masharubu yake yale yale. Donka, nikajua Gavril amekufa. Sikusoma zaidi. Nani husoma zaidi? Nilinunua maua manne mekundu na mshumaa, nikaenda.

Umeme ulikuwa umezimwa, ilikuwa zamu yetu, na ukumbi wake ulikuwa giza tupu. Akafungua mtu mwenye sauti ya kukwaruza. Nikajua ni Simeon, mdogo wake anayeishi mji wa Ruse, amekuja mazishini.

"Pole sana, Simeon," nikamwambia. "Msiba wenu ni wetu."

"Msiba gani?"

"Usijikaze bure, mwanamume. Kaka yako alikuwa mtu mwema. Mwizi wa karata, hilo mji mzima unalijua, lakini mwema."

Akauliza, "Mwizi kivipi?"

"Si yule malkia wa shupaza! Miaka ishirini anamkalia. Nilikuwa najua, nikamwachia. Angekasirika akaacha kucheza, mimi ningecheza na nani? Sina mwingine."

Nikamsikia anapenga kamasi.

"Mincho, ni mimi, mpumbavu wewe. Nina mafua."

"Gavril?"

"Tangazo ni la mama! Leo ametimiza mwaka kaburini. Mimi nimeandikwa chini, mfiwa!"

"Lakini picha ina masharubu!"

"Ni ya mama hayo masharubu!"

Kisha akahesabu maua. "Manne! Umeniletea mimi manne? Ya mtu mzima ni matatu au matano, manne ni ya maiti, hata mtoto wa chekechea anajua!"

"Basi toa moja," nikamwambia.

Tulikunywa rakia, ile pombe yake ya matunda, tukala ngano iliyochemshwa kwa kumbukumbu ya marehemu mama yake, tukacheka mpaka mkewe akatufokea kwamba nyumba ina matanga. Alinisindikiza hadi kwangu amenishika mkono, akisema barafu imezidi, anaogopa kuteleza. Tangu siku hiyo anakuja kila siku kunishika mkono twende kununua mkate. Mtu mzima anaogopa barafu!

Ndiyo hayo tu. Balbu ya nguzo iliyo karibu na mti ule imejaa, haifyonzi tena. Nimeshawaandikia ofisi ya umeme.

Miwani ya Rumen ni mizuri, ahsante. Usije. Njia ina theluji na nyumba haijapakwa chokaa.

Mincho


Plovdiv, 17 Februari 1985

Mjomba wangu,

Safari hii salamu ni fupi, utanisamehe. Wote wazima.

Mlango wa Gavril hauna ukumbi. Nimekulia mtaa ule. Mlango wake unafunguka uani moja kwa moja. Na Pena ameniambia saa: ilikuwa saa sita mchana, theluji imetanda na jua linawaka mpaka watu wanakunja uso. Hakukuwa na giza lolote kwa Gavril, Mjomba.

Miwani niliyokutumia ni ya kusomea ya mtoto. Haikuwa ya Rumen. Nilikujaribu, na ninaona aibu.

Nimekwenda hospitali ya macho nikamwona daktari, mwanamke mpole wa makamo. Nilimweleza nadharia yako yote, na foleni, na upande wa kushoto, na sakafu. Hakucheka. Alisema pete za kuzunguka taa ni dalili ya presha ya macho. Jicho likishapotezwa nayo halirudi, na la kushoto huenda limeshakwenda. La kulia anahisi lina mtoto wa jicho, na huyo hutolewa, lakini presha nayo ishushwe kabla haijalimaliza. Alisema kwa mzee kama huyo angehesabu miezi, si miaka.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Najua unachokiogopa. Nilikuwa na miaka sita, nakumbuka bibi alivyokaa nyuma ya jiko miaka yote ile ya upofu, watu wakimpita na kumsema kama hayupo. Hofu hiyo ninayo pia.

Sasa nikuambie ya kwangu, maana si haki nikuvue nguo mimi nikabaki na koti. Pete zilinitia wasiwasi tangu Novemba. Ningeweza kupanda treni Desemba. Sikupanda. Tuna vyumba viwili, cha kwetu na cha mama mkwe, na nilijua nikija nikakuona kwa macho yangu nitapaswa kukuchukua. Kwa hiyo nikawa naandika. Barua haihitaji kitanda. Nimekuwa mwoga kuliko wewe, na wewe ndiye uliyenilea baba alipokufa.

Nimeshazungumza na Rumen. Tutalala jikoni. Njoo.

Kama unataka nadharia, ninayo. Kama balbu hufyonza giza, jicho nalo hufanya hivyo hivyo, na la kwako limejaa. Fundi hawezi kujibadilishia jicho mwenyewe akiwa juu ya nguzo. Lazima ashuke.

Donka


Plovdiv, 24 Machi 1985

Mjomba,

Wiki tano. Nijibu, hata kama ni matusi. Nimeomba ruhusa shuleni kuanzia Ijumaa ijayo. Usipojibu nitakuja na Rumen, na Rumen ana mikono mirefu, atakubeba.

Donka


Drenak, 31 Machi 1985

Mpwa wangu Donka,

Anayeandika ni Pena, mimi nasema tu. (Shikamoo zako nimezipokea, binti, kabichi zake zote zimeoza, Pena.) Nimemwambia aandike ninayosema na si zaidi.

Barua zako tangu Desemba husomwa na yeye hapa mezani. Sasa unajua mdomo ule ulipata wapi maneno. Ile ya Februari alinisomea mara moja, nikamwambia aiweke kabatini. Wiki tano ilikaa kabatini, na kila nikifungua kabati kuchukua chumvi naigusa.

Gavril alikuja, akamwambia Pena amsomee naye. Akasikiliza. Kisha akaniambia, "Mincho, we unajua mi naogopa barafu?"

"Najua."

"Leo ni Machi. Barafu iko wapi?"

Nikaanza kufuta meza.

"Barafu imeyeyuka na bado nakushika mkono," akasema. "Mi sichoki. Ila mwaka kesho mi mwenyewe nitakuwa sabini na mbili. Nikifa kweli, nani atakuonyesha tangazo langu?" (Gavril anasema niandike pia kwamba hajawahi kuiba karata hata siku moja, Pena.)

Mama alikaa nyuma ya jiko miaka kumi na moja. Mimi ndiye niliyemweka pale, nikidhani namtendea wema kwa kuwa pana joto. Baada ya wiki chache nilizoea kuiruka miguu yake nikichukua kuni. Hilo ndilo ninaloliogopa. Siogopi giza, giza nimefanya nalo kazi. Naogopa kurukwa.

Nitakuja. Gavril atanileta, amesema ana safari zake Plovdiv. Hana safari yoyote. Tutafika Jumamosi kwa treni ya saa nane.

Ile sehemu ya vyumba na kitanda sikuisikia. Pena alipofika hapo nilikuwa nakohoa. (Hakukohoa. Alilia, na mimi pia, Pena.)

Mjomba wako


Hospitalini, Plovdiv, 12 Mei 1985

Donka,

Umetoka hapa saa moja iliyopita na kesho utarudi, na bado nakuandikia. Mwenzangu wa kitanda cha pili ameniuliza kama nimepungukiwa akili, kumwandikia mtu anayekaa vituo vitatu vya basi kutoka hapa. Lakini kuna jambo ambalo siwezi kulisema nikikutazama.

La kushoto limekwenda. Daktari aliniambia asubuhi, bila kuzunguka, na nilimshukuru. Presha wameishusha, na la kulia wamemtoa mtoto. Alipofungua kitambaa aliniuliza ninaona nini. Nikamwambia naona dirisha, na balbu isiyo na foleni. Akaandika kwenye faili lake, sijui aliandika nini.

Kisha ukaingia wewe.

Agosti iliyopita ulikuja Drenak ukakaa siku tatu. Ulikaa mbele yangu mezani, ukanimenyea pilipili hoho za kuchoma, nikakutania kwamba umenenepa. Nilikuwa nabahatisha. Sikukuona, Donka. Nilikujua kwa sauti na kwa hatua zako, na pale ulipokaa kulikuwa na kivuli. Nikakiwekea uso niliokuwa nao, wa mwaka ulipomaliza chuo, na nywele nyeusi hadi mabegani. Hata mwaka juzi nilifanya hivyo hivyo. Nilikuwa naagana na wewe stesheni na kumpungia mkono msichana ambaye hayupo.

Leo amekuja mwanamke wa miaka arobaini na moja mwenye mvi pembeni mwa paji, hapo kulia, amevaa sweta lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Amechoka. Amelala jikoni mwezi mzima kwa ajili yangu na anasema kunafaa, kuna joto. Ulicheka nilipokukodolea macho, ukauliza, "Vipi Mjomba, nadharia mpya?" Nikasema ndiyo.

Sikuwa na nadharia yoyote. Nilikuwa nakutazama. Mvi zako zimeota ukiwa mezani pangu, nami sikuziona. Kesho ukija, kaa karibu na dirisha, na usiseme kitu kwa muda kidogo.

Mjomba wako,
Mincho